Chupa ya Mafuta Yenye Mistari Saba

Ukiuliza katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam saa sita mchana, "Leo mboga nini?", utajibiwa dagaa, maharage, au nyama. Jibu hilo ni sahihi. Kwa Kiswahili cha nyumbani, mboga ni chochote cha kuteremshia ugali. Sasa mtu huyohuyo anakwenda kupimwa, presha iko juu, anaambiwa apunguze wanga na ale mboga kwa wingi. Anarudi nyumbani, anaongeza kipande cha samaki wa kukaanga na mchuzi. Hajakaidi hata kidogo. Ametii neno kama anavyolijua.

Anayefundisha watu wazima lishe katika jiji hili hujifunza jambo hilo mapema, la sivyo atazungumza miaka na hakuna sahani itakayobadilika. Watu wa Mbagala na Kimara wanajua kwamba matunda ni mazuri na soda ya kila siku si nzuri. Wanachokosa ni neno lenye mpaka na kipimo cha kuonekana kwa macho. "Mafuta kidogo" ni kiasi gani? Kwa mpishi mmoja ni kijiko kimoja, kwa mwingine ni kumimina kuanzia "bismillahi" mpaka kitunguu kiogelee. Wote wawili watakuambia, kwa moyo safi, kwamba wanatumia mafuta kidogo.

Kwa hiyo semeni "mboga za majani", kisha zitajeni kwa majina: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu, chainizi. Mwongozo wa kitaifa wa ulaji uliotolewa mwaka 2023 unapanga vyakula katika makundi sita, na mboga zina kundi lake, mbali na nyama na samaki, mbali na maharage na karanga. Mpangilio huo ukiuonyesha tu kwenye karatasi bila kulifungua neno, unabaki karatasini.

Neno "chakula" nalo lina mtego wake. Muulize mtu jana alikula nini, atasema, "Jana sikula kitu mpaka usiku." Muulize kama alikunywa chai. Hapo ndipo zinapotoka chapati mbili, supu, au maandazi matatu na chai ya maziwa. Kunywa chai si kula, na soda ya saa nne si kula, wala karanga za kwenye foleni ya Ubungo. Hakuna anayedanganya hapo. Lugha ndiyo inayovificha. Njia inayofanya kazi ni kufuata saa. Ulipoamka uliweka nini mdomoni? Kituoni? Ulipofika kazini? Saa nne? Mchana? Njiani kurudi? Baada ya kuoga? Kabla ya kulala? Chukua siku mbili za kazi na Jumapili moja, andika kila kitu pamoja na chombo kilichotumika: kikombe kipi, kijiko kipi, sahani ya bapa au bakuli. Jumapili usiiache, maana pilau na soda za wageni huwa siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo vianze vipimo, na vya kwanza viwe vya vitu vitatu visivyoonekana sahanini: mafuta, chumvi na sukari. Ugali unauona. Mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye mchuzi huyaoni.

Tuanze na mafuta, kwa nyumba ya watu watano. Lita moja kwa wiki ni takriban mililita 28 kwa kila mtu kwa siku, karibu vijiko viwili vya chakula. Hicho ni kiasi kizuri cha kupikia. Nyumba nyingi zinazonunua dumu la lita tano hulimaliza ndani ya wiki mbili. Hapo kila mtu anapata mililita 70 na kitu, na kwa kuwa mililita 15 za mafuta zina nishati ya takriban kilokalori 120, ni zaidi ya kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake, hata kabla ya andazi la barabarani. Dumu kubwa lina ubaya mwingine: mkono haujui linakwenda kiasi gani. Likiwa limejaa, mtu anamimina kwa ukarimu. Anaanza kubana likibaki robo.

Dawa yake ni chupa. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja iliyo safi, inayopitisha mwanga. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano. Tia maji kwenye chupa kwa bomba hilo mara saba, yaani mililita 140, kisha piga mstari kwa maka peni palipofika maji. Ongeza mara saba nyingine, piga mstari wa pili. Endelea mpaka mistari saba. Usigawanye kwa rula, kwa sababu chupa nyingi zina kiuno na mabega, na mstari wa rula utakupa siku moja mafuta mengi na nyingine machache. Kisha mwaga maji yote, igeuze chupa kichwa chini ikauke siku nzima. Tone la maji likibaki litarusha mafuta kwenye kikaango. Juu ya kila mstari bandika selotepu inayoonyesha. Bila selotepu, vidole vyenye mafuta vitaufuta wino kabla ya wiki kwisha, na hilo ndilo linaloharibu mpango huu mara nyingi kuliko uvivu wowote.

Jumatatu asubuhi jaza mpaka mstari wa juu. Kila jioni mafuta yashuke mstari mmoja. Hakuna anayekatazwa kukaanga. Anayetaka kukaanga samaki Jumatano ajue siku hiyo imekula mistari miwili. Dumu la akiba liwekwe mbali na jiko, kabatini, ili kulifuata kuwe safari.

Nisisitize hapa jambo ambalo ushauri mwingi unalisahau: aliyeambiwa kliniki mara nyingi siye anayepika. Baba mwenye presha anarudi na maneno kichwani, anayeshika mwiko ni mke, shangazi, au dada wa kazi, naye hakuwepo. Chupa yenye mistari inaongea na mpishi bila kugombana naye. Mstari haumwambii mtu kwamba hajui kupika. Dada akielezwa mara moja, "Dada yangu, kila siku mstari mmoja," anaweza kuusimamia vizuri kuliko mgonjwa mwenyewe.

Chumvi ni rahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa. Watu wazima watano ni gramu 25, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo ingedumu siku 20 kama chumvi yote ingetoka nyumbani. Lakini mkate una chumvi, supu ya asubuhi ina chumvi, chipsi zina chumvi. Basi pakiti ya nyumbani ilenge mwezi mzima. Andika tarehe kwenye pakiti siku unapoifungua. Ikiisha kabla ya mwezi, tafuta wapi inapotea. Mara nyingi ni vitu viwili: chumvi ya kwenye kisahani mezani, ambayo mtu huinyunyiza kabla hajaonja, na vile vidonge vya mchuzi, ambavyo karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Anayetumia kidonge asitie chumvi nyingine mpaka aonje. Ladha inayopungua irudishwe kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga au bizari. Ndimu hasa, kwa sababu uchachu huufanya ulimi uone chumvi ni nyingi kuliko ilivyo. Ukisoma pakiti ya biskuti au tambi utakuta neno sodiamu badala ya chumvi: zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Kuna pia chumvi mbadala zenye potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiziguse bila kumuuliza daktari.

Sukari. Kwa mtu mzima wa kawaida ushauri ni isizidi gramu 50 kwa siku, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4. Kile cha kilima, kama tunavyochota wengi wetu, hufika 6 au 7. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko viwili vya kilima kila kimoja, na tayari umefika 36 au zaidi. Soda yenye gramu 10 kwa mililita 100, ikiwa chupa ya mililita 350, inaongeza 35. Makosa makubwa hapa ni kukata ghafla. Mtu anaamua Jumatatu chai bila sukari, ifikapo saa nne kichwa kinamuuma na njaa imemshika, anakunywa soda na andazi, na kufikia Ijumaa amerudi alikokuwa akiamini kwamba mwili wake "unahitaji" sukari. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe kila wiki. Ulimi unahitaji muda, na baada ya wiki sita au nane chai ya zamani utaiona kama sharubati. Mchaichai, iliki na mdalasini vinasaidia kweli. Chai ya chupa nzima ya familia isitiwe sukari jikoni; kila mtu atie kikombeni mwake, ajione.

Sasa sahani. Nusu yake iwe mboga za majani, kachumbari na tunda, robo wanga, robo maharage, samaki, dagaa, nyama au mayai. Mchoro huo ni mzuri, ila nyumba nyingi za hapa hula kwenye sinia, na ugali uko katikati kama mlima. Kwa sinia, kipimo kianzie kwenye unga. Kilo moja ya unga kwa watu wazima watano ni gramu 200 kwa kila mmoja, kama kilokalori 700 kabla ya kitoweo. Fundi anayebeba tofali Tegeta zitamtosha na huenda akaongeza. Karani anayekaa ofisini Posta mpaka saa kumi na moja hazihitaji. Yeye gramu 80 au 90 za unga zinamtosha, na zikishapikwa zinakuwa karibu ngumi yake. Ukipunguza unga bila kuongeza kitu kingine, nyumba italalamika kwa haki, kwa sababu ni njaa. Kila unapopunguza ngumi ya ugali, ongeza upawa wa maharage na upawa wa mboga za majani. Hapo tumbo halioni tofauti.

Kuhusu dona na sembe, dona ni bora: lina kapi na kiini, yaani nyuzinyuzi, madini ya chuma na zinki, na vitamini za kundi B ambazo kukoboa kunaziondoa. Lakini usilinunue kama sembe. Kiini cha mahindi kina mafuta, na kwa joto la Dar dona lililokaa huchacha na kuwa chungu, ndipo watu wanaposema dona ni baya. Saga la wiki moja au mbili, liweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Na kabla ya kusaga, chagua mahindi kwa mkono: yenye ukungu, yaliyosinyaa, yaliyotobolewa na wadudu, yatupwe, hata kuku asipewe. Ndiyo yanayobeba sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zihukumiwe vivyo hivyo: iliyo chungu mdomoni, tema. Kwa sababu hiyohiyo ogopa ule unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu kumi, karanga ikiwa imesagwa humo ndani. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha. Karanga saga kidogo kidogo, uzitie kwenye uji ukiwa jikoni. Soya ni lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, ikiwa mbichi inazuia mwili kutumia protini.

Mboga za majani hupotezwa jikoni. Osha kwanza, kata baadaye. Ukikata kisha ukaosha, vitamini C inakwenda na maji. Mchicha dakika tatu hadi tano zinautosha, ubaki kijani. Ukiupika mpaka uwe mweusi umebakiza nyuzinyuzi na madini, vingine vingi umevipoteza. Tone la mafuta au karanga liwepo, maana rangi ile inayogeuka vitamini A mwilini inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Kisamvu ndicho tofauti: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo yatwangwe sana, yachemshwe bila kufunika sufuria nusu saa na zaidi, ndipo nazi iingie. Jambo jingine linalowashangaza wengi ni jinsi majani yanavyosinyaa. Sufuria iliyojaa mpaka juu inashuka hadi robo. Fungu moja kwa watu watano ni pambo. Kiwango cha gramu 400 za mboga na matunda kwa siku hakifikiwi bila kununua mafungu matatu au manne gengeni, pamoja na tunda.

Maharage loweka usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Yanaiva haraka, gesi inapungua, gesi ya tumboni pia, na mwili unapata madini zaidi. Tia ndimu au kachumbari sahanini, kwa kuwa vitamini C husaidia kufyonza chuma cha kwenye maharage na majani. Chai hufanya kinyume. Anayetafuta kuongeza damu, kisha anashushia maharage kwa chai ya rangi, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Aache saa moja hivi kati ya mlo na chai. Juisi ya rosela inayosifiwa kwa damu haina chuma cha maana, na inayouzwa mtaani huwa na sukari nyingi. Maini, dagaa na maharage ndiyo yenye chuma. Anayechoka na kuona kizunguzungu apimwe kwanza.

Mchana wengi hula kwa mama ntilie, na hapo mtu hana chupa wala unga wa kupima. Ana mdomo. Usiseme "nipunguzie", utapunguziwa kila kitu. Sema hivi kabla hajachota: "Mama, shikamoo. Naomba wali nusu, maharage kamili, mboga za majani mara mbili, mchuzi wa nyama usinimwagie juu ya wali, weka pembeni." Wengi hawakatai, na mteja wa kila siku haulizwi tena. Chipsi ukizitaka, angalia karai kwanza. Mafuta yakiwa meusi, povu halitulii, moshi unatoka mapema na ukingo wa karai unanata, hayo yamekaangiwa siku nyingi. Mihogo ya kuchemsha yenye kachumbari iko hatua chache mbele.

Mwezi wa Ramadhani vipimo vingi huanguka, kwa sababu futari ya pwani ni wanga juu ya wanga: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati. Chagua wanga mmoja kila jioni, si minne. Ukikuna nazi, tui la kwanza zito liwe la wageni, la pili jepesi litoshe kupikia muhogo. Fungua swaumu yako kwa tende na maji, uji wa pilipili manga, kisha maharage au samaki, ndipo muhogo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe kiasi cha wanga, wala asifunge, kabla ya kupanga dozi na kliniki yake. Sukari ikishuka ghafla ni hatari ya siku hiyohiyo.

Kila baada ya wiki nne pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya kula, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 164 asivuke 82. Mizani ya duka la dawa hupanda na kushuka kwa maji tu na huwakatisha watu tamaa bure.

Na siku mafuta yatakapofika kwenye mstari kabla ya jioni, pika chukuchuku. Changu au kibua kutoka Feri, msafishe, mpake ndimu na tangawizi iliyotwangwa, mwache robo saa. Panga nyanya nne zilizokatwa, kitunguu, kitunguu saumu na pilipili hoho chini ya sufuria, mlaze samaki juu, tia maji kikombe kimoja na chumvi robo ya kijiko cha chai. Funika, moto wa wastani, dakika 15, bila kumgeuza asije akavunjika. Ndimu ya pili ikamuliwe ukishaepua.